Kuhama kampuni ya gesi: Nafuu ya mnunuzi imo katika mizani, si katika bango la bei

KATIKA mtaa wa Tononoka kisiwani Mombasa, na katika mitaa jirani ya Majengo na King'orani, mnunuzi wa gesi ya kupikia hana haja ya kwenda mbali. Mitungi ya rangi mbalimbali hupangwa mbele ya maduka ndani ya vizimba vya chuma, na kila rangi ina kampuni yake. Mnunuzi akitaka kuiacha kampuni moja na kuifuata nyingine, hatakiwi kuandika barua wala kutia sahihi mkataba wowote. Anachohitaji ni kuubeba mtungi wake mtupu hadi dukani, au kumpa kijana wa bodaboda amletee uliojaa.

Ukiitazama hali hiyo kwa juu juu, utadhani hapana soko lililo huru kuliko hili. Hata hivyo, uhuru huo una mipaka ambayo haiandikwi kwenye bango la bei. Familia inaweza kuhama kampuni kwa ajili ya nafuu ya shilingi 200, kisha ikazipoteza shilingi hizo kwa njia tatu: kwa kulazimika kununua mtungi mpya, kwa kuuziwa gesi pungufu, au kwa kuishiwa saa ambayo hakuna nafasi ya kuchagua.

Suala hili si dogo. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, asilimia 23.9 ya familia nchini Kenya zilitegemea gesi kama nishati kuu ya kupikia, ilhali asilimia 55.1 zilipikia kuni, asilimia 11.6 makaa na asilimia 7.8 mafuta taa. Mijini, ambako kuni ni adimu na nyumba zimebanana, gesi imekuwa mhimili wa jikoni. Mama anayekaanga mahamri na viazi karai alfajiri ili auze kabla ya watu kwenda kazini huiona bei ya gesi ikiingia moja kwa moja katika faida yake. Bei ikipanda, hawezi kuongeza bei ya hamri siku hiyo hiyo, wateja watamkimbia.

Gesi moja, majina mengi

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulifahamu ni kwamba gesi iliyomo ndani ya mitungi hiyo ya rangi tofauti haitofautiani sana. Kenya haichimbi gesi ya kupikia wala haitengenezi. Zamani kiasi fulani kilipatikana katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, lakini kiwanda hicho kilikoma kusafisha mafuta ghafi mwezi Septemba 2013. Tangu hapo gesi yote hutoka ng'ambo, na sehemu kubwa ya ile inayokuja kwa meli imekuwa ikipokelewa katika kituo cha kampuni ya African Gas and Oil, maarufu kama AGOL, kilichoko Miritini, chenye uwezo wa kuhifadhi tani 25,000. Kituo hicho ni mwendo mfupi tu kutoka Tononoka, ukishavuka daraja la Makupa kuelekea bara.

Bei ya kununulia gesi hiyo hufuata bei ambayo kampuni ya Saudi Aramco hutangaza kila mwezi. Juu yake huongezwa nauli ya meli, gharama za bandari na za hifadhi, kisha yote hugeuzwa kutoka dola kuwa shilingi. Shilingi ikidhoofika, bei hupanda hata kama huko Ghuba haikuguswa. Kwa hivyo kampuni kubwa na ndogo huanza safari zikiwa na gharama zinazokaribiana mno.

Juu ya hayo kuna mkono wa serikali. Ushuru wa VAT uliondolewa kwenye gesi ya kupikia mwaka 2016, na matumizi yakaongezeka. Mwezi Julai 2021 ushuru huo ulirudishwa kwa kiwango cha asilimia 16. Mwaka uliofuata, huku bei za mafuta duniani zikipanda kutokana na vita vya Ukraine, kujaza mtungi wa kilo 13 kulizidi shilingi 3,000 katika sehemu nyingi za nchi. Mwezi Julai 2022 ushuru ulipunguzwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ukafutwa pamoja na ada zilizokuwa zikitozwa gesi inapoingizwa nchini. Katika kipindi hicho cha miaka miwili hapakuwa na kampuni ambayo mnunuzi angeihamia akauepuka ushuru huo.

Maana yake ni kwamba tofauti ya bei kati ya kampuni moja na nyingine haitokani hasa na gesi yenyewe. Hutokana na faida ya muuzaji wa jumla na wa rejareja, na gharama ya usafirishaji. Hutokana pia na kitu ambacho wengi hawakihesabu: mtungi. Chuma kile hugharimu fedha kukinunua, kukipaka rangi, kukikagua na kukibadilishia vali. Kampuni inayofanya hayo yote kwa uaminifu ina mzigo ambao mjazaji wa magendo hana.

Kifungo kilichofunguliwa, kisha kikakazwa

Watu wazima wa Mombasa wanakumbuka enzi ambapo kila kampuni ilikuwa na mdomo wake wa mtungi. Regyuleta ya kampuni moja haikuingia kwenye mtungi wa kampuni nyingine. Aliyeanza na kampuni fulani alifungwa nayo, na gesi ikiadimika katika duka la kampuni yake, alirudi kwenye makaa hata kama duka la jirani lilikuwa limejaa mitungi ya kampuni nyingine.

Kanuni zilizotolewa mwaka 2009 zilikuja kulifungua fundo hilo. Zilitaka vali na regyuleta ziwe za aina moja kwa kampuni zote, na zikaanzisha mfumo wa lazima wa kubadilishana mitungi. Mnunuzi akaruhusiwa kupeleka mtungi wa kampuni yoyote katika duka lolote lenye leseni na kuondoka na mwingine uliojaa, nazo kampuni zikatakiwa kukutana zenyewe na kurudishiana mitungi yao. Kampuni ndogo na mpya zilipata mlango wa kuingilia sokoni, na mnunuzi akapata uhuru wa kulinganisha bei.

Hata hivyo, mfumo huo ulikuwa na udhaifu wake. Mtungi ukishatoka mikononi mwa mwenyewe na kuzunguka nchi nzima, ilikuwa vigumu kujua ni nani aliyeujaza mara ya mwisho na kama ulikaguliwa. Baadhi ya kampuni zililalamika kwamba zimewekeza katika maelfu ya mitungi ambayo wengine wanaijaza na kuiuza, na kwamba mtungi ukilipuka ni jina lao linalochafuka. Wajazaji wa magendo walistawi katika mwanya huo.

Mwaka 2019 serikali ilitoa kanuni mpya na kuuvunja mfumo wa lazima. Tangu hapo mtungi unaweza kujazwa na mwenye nembo tu, au na aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na kubadilishana mitungi kukawa ni jambo la makubaliano baina ya kampuni na kampuni. Adhabu kwa wavunjaji iliongezwa mno, ikafikia faini ya shilingi milioni 10. Usimamizi uliwekwa mikononi mwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA, iliyochukua mahali pa ile tume ya zamani ya ERC.

Lengo la usalama lilikuwa jema, na hapana mwenye akili timamu anayeweza kulipinga. Lakini gharama ya mageuzi hayo iliangukia kwa kimya upande wa mnunuzi. Vali bado ni zile zile na regyuleta bado zinaingiliana, ila mtungi wenyewe sasa una mwenyewe. Kampuni mbili zikiwa na makubaliano, mteja hubadilishiwa bila neno. Zisipokuwa nayo, huombwa nyongeza au huambiwa anunue mtungi mpya. Makubaliano hayo hayabandikwi dukani, na mteja huyajua anapokuwa tayari amefika na mtungi begani.

Hesabu ya jikoni

Chukua mfano wa familia inayotumia mtungi wa kilo 13 kwa muda wa mwezi mmoja na nusu. Kwa mwaka itajaza mara 8. Ikihamia kampuni inayouza kwa nafuu ya shilingi 200, itaokoa shilingi 1,600 kwa mwaka. Iwapo mtungi wake umepokelewa bila nyongeza, hiyo ni akiba halali. Lakini iwapo imelazimika kununua mtungi mpya kwa, tuseme, shilingi 3,000, itachukua karibu miaka miwili kabla ya kuanza kuona faida. Na ndani ya miaka hiyo miwili bei ya kampuni ile ya nafuu inaweza kupanda, kwa kuwa gesi haipangiwi bei ya juu kila mwezi kama inavyofanyika kwa petroli, dizeli na mafuta taa tangu mwisho wa mwaka 2010.

Hesabu ya pili ni ya uzito. Ikiwa mtungi wa kilo 13 unauzwa shilingi 2,340, kila kilo imenunuliwa kwa shilingi 180. Muuzaji mwingine akiuuza kwa shilingi 2,140, ataonekana ametoa nafuu kubwa. Lakini kama mtungi wake una kilo 12 tu, bei ya kweli ya kilo ni zaidi ya shilingi 178. Nafuu ya shilingi 200 imegeuka kuwa nafuu ya chini ya shilingi 2 kwa kilo, na gesi itaisha siku tatu au nne mapema. Upungufu ukizidi hapo, mnunuzi amehama kutoka bei ghali hadi bei ghali zaidi huku akijipongeza.

Hesabu ya tatu inamhusu mwenye mtungi mdogo wa kilo 6, ule unaofungwa jiko juu yake na ambao wengi huuita meko. Huo ndio mtungi wa chumba kimoja cha kupanga, wa kijana anayeanza maisha na wa mama anayefanya biashara ndogo. Mara nyingi kilo moja ya gesi katika mtungi mdogo huwa ghali kuliko katika mtungi mkubwa. Ikiwa kilo 6 zinauzwa shilingi 1,200, kila kilo ni shilingi 200, na tofauti na yule wa kilo 13 ni shilingi 20 kwa kila kilo. Mwenye kipato kidogo anailipia gesi hiyo hiyo zaidi kwa sababu hana fedha za kununua kwa wingi. Kwake yeye, kuhamia mtungi mkubwa kunaweza kuokoa kuliko kuhamia kampuni nyingine.

Iko hesabu ya nne, nayo ni ya saa. Gesi haiishi kwa miadi. Katika mwezi wa Ramadhani, wakati mapishi ya futari yanapoanza alasiri na ya daku yanaendelea usiku, mtungi ukiisha saa kumi na moja jioni hakuna mpishi wa Tononoka atakayezunguka maduka matatu kulinganisha bei. Atanunua penye duka la karibu, kwa bei atakayotajiwa. Familia yenye mtungi mmoja tu huamuliwa na saa. Yenye wa akiba, hata kama ni ule mdogo, hupata siku kadhaa za kuuliza, kulinganisha na kupima kabla ya kufungua mkoba.

Rahisi inayoua

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mlipuko mkubwa ulitokea katika eneo la Mradi, Embakasi, jijini Nairobi, katika uwanja uliokuwa ukitumiwa kujazia gesi bila idhini katikati ya makazi ya watu. Watu kadhaa walipoteza maisha na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Baadaye EPRA ilieleza kwamba ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo mahali hapo mara tatu katika mwaka 2023, miongoni mwa sababu ikiwa ni wingi wa watu wanaoishi karibu. Biashara iliendelea hata hivyo.

Msiba ule una uhusiano wa moja kwa moja na suala la bei. Gesi ya magendo hupata soko kwa sababu ni rahisi, nayo ni rahisi kwa sababu aliyeijaza hakulipia ukaguzi, hakununua mitungi na hakuweka kituo chake mbali na nyumba za watu. Mnunuzi anayekimbilia bei iliyo chini mno kuliko ya maduka yote hawezi kujua anachangia nini. Katika mitaa ya kisiwani kama Tononoka, ambako nyumba zimeegemeana na vyumba vya kupanga hupakana ukuta kwa ukuta, uvujaji katika jiko moja ni hatari kwa ukoo mzima wa majirani.

Hivyo basi bei ya chini pekee si ushahidi wa ushindani mzuri. Kampuni mbili halali zikipunguza faida zao ili zipate wateja, huo ni ushindani. Mtu asiye na leseni akijaza mtungi wa mwenzake gizani na kuuza kwa nusu bei, huo ni wizi unaofanywa kwa gharama ya usalama wa jirani.

Wengine walifanyaje

Uingereza iliruhusu familia kuchagua kampuni ya gesi kwa awamu kati ya mwaka 1996 na 1998. Huko gesi huja kwa bomba, na anayehama hafungui hata msumari mmoja, kwa kuwa gesi inaendelea kupita katika bomba lile lile na kinachobadilika ni jina kwenye bili. Lakini mfumo huo nao ulipata mtihani. Bei za jumla zilipopaa mwaka 2021, karibu kampuni 30 zilianguka, nyingi zikiwa ni zile zilizovutia wateja kwa bei ya chini kabisa. Wateja wao walihamishiwa kampuni nyingine bila kukatiwa gesi, ila gharama ya kuanguka huko iligawanywa katika bili za watu wote.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Mombasa ni India, ambako gesi pia huuzwa kwa mitungi. Kuanzia mwaka 2013 na 2014 nchi hiyo iliruhusu familia kuhama muuzaji au kampuni. Aliyehama kampuni alirudisha mtungi na regyuleta, akarudishiwa amana yake, kisha akaiweka kwa kampuni mpya. Kwa njia hiyo mtungi ulibaki mali ya kampuni, usalama ukabaki na mwenyewe, na fedha za mnunuzi hazikunaswa ndani ya chuma.

Nchini Kenya kumejaribiwa pia gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, ambapo mtungi huwekewa mita na mteja hununua kiasi cha fedha alizo nazo siku hiyo. Huduma ya M-Gas ya kampuni ya Circle Gas, iliyoanzia mitaa ya Nairobi, ni mfano mmojawapo. Mpango huo humwondolea maskini mzigo wa kununua mtungi. Hata hivyo, mita na mtungi ni vya kampuni, na anayeizoea huduma hiyo hana mtungi wa kupeleka kwingine. Mlango umefunguliwa wa kuingilia, si wa kutokea.

Upande wa kuingiza gesi nchini, kunatazamiwa ushindani zaidi. Mwezi Februari 2023 Rais William Ruto aliweka jiwe la msingi la kituo cha tani 30,000 cha kampuni ya Taifa Gas, yenye asili ya Tanzania, huko Dongo Kundu. Vituo vikiongezeka, gharama ya kupokea na kuhifadhi gesi inaweza kushuka. Lakini nafuu inayopatikana bandarini haifiki jikoni yenyewe. Hufika ikiwa mnunuzi wa mwisho anaweza kumwacha asiyeipitisha na kumfuata anayeipitisha. Mtungi ukimzuia kufanya hivyo, nafuu itabaki njiani.

Yanayopaswa kufanywa

Pengo lililoachwa mwaka 2019 linaweza kuzibwa bila kurudisha vurugu za zamani. Kwanza, makubaliano ya kubadilishana mitungi kati ya kampuni yatangazwe, na orodha yake ibandikwe katika kila duka lenye leseni. Pili, mnunuzi anayeurudisha mtungi ulio salama alipwe thamani inayojulikana, kama ilivyokuwa India. Tatu, bei iandikwe kwa kilo pamoja na ile ya mtungi mzima, ili mwenye kilo 6 na mwenye kilo 13 waone wanacholipia. Nne, maafisa wa vipimo na mizani wayafikie maduka ya mitaani mara kwa mara, si baada ya malalamiko tu.

Wakati hayo yakisubiriwa, mnunuzi hana budi kujilinda. Kila mtungi umegongwa muhuri wa uzito wake ukiwa mtupu. Uliojaa ukiwekwa kwenye mizani na uzito huo kutolewa, kinachobaki ndicho kiasi cha gesi kinacholipiwa. Adai upimwe mbele yake, atazame kama lakiri haijachezewa, aulize leseni ya duka, na kabla ya kuhama aulize swali moja: je, siku akitaka kurudi, mtungi huu utapokelewa wapi? Duka lisilo na mizani, au lisilotaka kuitumia, limekwisha kutoa jibu.

Waswahili husema rahisi huvunja upishi. Methali hiyo haikatazi kutafuta nafuu. Kwa mpishi wa Tononoka, shilingi 1,600 kwa mwaka ni fedha za kweli, na anayezitafuta hastahili kubezwa. Lakini atazipata kwa kupima na kuuliza, na kwa sheria itakayomrudishia uhuru wa kuondoka na fedha zake.